Misuli, mafuta na kukaa kutwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeuliza kuhusu mazoezi mara nyingi huanzia kwenye kitambi au mizani. Hapa tunaanzia kwenye misuli, kwa kuwa huko ndiko mafuta na sukari ya mwilini hutumika kwa wingi, na huko ndiko madhara ya kukaa kutwa huanzia, muda mrefu kabla mizani haijaonyesha chochote.

Misuli inahusikaje na mafuta? Mafuta si yako tumboni?

Ya tumboni, mapajani na makalioni yamehifadhiwa tu. Ili yapungue ni lazima yatoke huko, yapite kwenye damu, yakachomwe kwingine, na huko kwingine kwa kiasi kikubwa ni kwenye misuli. Misuli inayoshikamana na mifupa, ile unayoitumia kutembea, kubeba na kuinama, ni karibu asilimia 40 ya uzito wa mwanamume na karibu asilimia 30 ya uzito wa mwanamke. Ukiwa umetulia, hutumia kama moja ya tano ya nishati ya mwili. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, huchukua zaidi ya asilimia 80 ya oksijeni inayotumika mwilini. Misuli pia ndiyo mpokeaji mkubwa wa sukari ambayo insulini, homoni itolewayo na kongosho, huiondoa kwenye damu.

Lakini lipo dai linalopendwa sana kwenye gym ambalo limetiwa chumvi: kwamba ukijenga misuli utachoma mafuta mengi hata ukiwa usingizini. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia kilokalori kama 13 kwa siku, kiasi ambacho hakifiki hata kijiko kimoja cha chai cha sukari. Faida kubwa ya misuli huja inapofanya kazi.

Misuli huchoma nini kwanza, sukari au mafuta?

Vyote viwili, wakati wote. Kinachobadilika ni uwiano wake. Ukiwa umekaa au unatembea taratibu, sehemu kubwa ya nishati ya misuli hutoka kwenye mafuta. Ukiongeza kasi, sukari hushika nafasi, na ukifika mahali huwezi tena kuongea kwa kuhema, karibu yote ni sukari. Sababu ni kwamba mafuta yanahitaji oksijeni zaidi kutoa kiasi kilekile cha nishati, na safari yake ni ndefu: yatoke kwenye seli za mafuta, yabebwe na protini kwenye damu, yaingie kwenye seli ya msuli, kisha yaingie ndani ya mitokondria, sehemu za seli ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni. Zoezi likiwa kali, kule kuvunjwa haraka kwa sukari kwenyewe hubana njia ya mafuta kuingia mitokondria.

Akiba nazo hazilingani. Sukari iliyohifadhiwa, yaani glikojeni, ni gramu 400 hivi kwenye misuli na 100 hivi kwenye ini. Mafuta, hata kwa mtu mwembamba, ni kilo kadhaa, na kila gramu ina kilokalori 9 wakati sukari ina 4. Ndiyo maana mkimbiaji wa marathoni anaweza kuishiwa nguvu baada ya kilomita 30 huku mwilini ana mafuta ya kutosha kukimbia siku nzima. Kilichomwishia ni glikojeni.

Basi nitembee polepole ili nichome mafuta zaidi?

Hesabu hiyo imewapotosha wengi. Ukienda taratibu, asilimia inayotoka kwenye mafuta ni kubwa, lakini jumla ya nishati ni ndogo. Tena mwili hufidia: ukimaliza sukari nyingi kwenye zoezi kali, masaa yanayofuata misuli huibana sukari ili ijaze upya glikojeni na huchoma mafuta zaidi. Ukipima saa 24 nzima, tofauti huwa ndogo. Chagua kasi utakayoweza kuirudia kesho na keshokutwa.

Nikikaa tu, nini hasa hutokea ndani ya misuli?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, kwa hiyo jibu lake ni refu.

Ukishakula pilau au chapati za mafuta, mafuta ya chakula huingia kwenye damu yakiwa yamefungwa kwenye vifurushi vidogo. Seli ya msuli haiwezi kuvipokea vikiwa hivyo. Kwenye kuta za mishipa midogo kabisa inayopita katikati ya misuli kuna kimeng'enya kiitwacho lipoproteini lipasi, na kazi yake ni kama ya makuli wa bandarini: hufungua mzigo, hugawa mafuta kuwa asidi za mafuta, na msuli huzichukua. Kimeng'enya hiki kikizubaa, mafuta huendelea kuzunguka kwenye damu, na mengine huishia tumboni au kwenye ini.

Mwaka 2003, watafiti wa Marekani Lionel Bey na Marc Hamilton walichapisha uchunguzi wa panya waliozuiwa kukanyagia miguu ya nyuma. Ndani ya masaa machache, utendaji wa kimeng'enya hicho kwenye misuli ya miguu ulianza kushuka, na kabla siku haijaisha ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa panya waliosimama na kutembea. Iliyoumia zaidi ni misuli myekundu, ile ya kutusimamisha, ambayo huishi kwa kuchoma mafuta. Panya waliporuhusiwa kutembea, tena polepole, utendaji ulirudi baada ya masaa machache. Angalia mambo mawili hapo: kushuka kulianza siku ileile, na dawa yake haikuwa mbio.

Panya ni panya, utasema. Basi tuje kwa watu. Huko Copenhagen, vijana wenye afya waliokuwa wakitembea hatua kama 10,000 kwa siku waliombwa wapunguze hadi kama 1,500, kwa wiki mbili. Walipanda lifti badala ya ngazi, wakapanda gari badala ya kwenda kwa miguu. Mwisho wa wiki hizo insulini yao ilikuwa haifanyi kazi vizuri kama mwanzo, misuli ya miguu ilikuwa imepungua, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7, na mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo yalikuwa yameongezeka. Hakuna aliyelazwa kitandani. Waliishi tu maisha ambayo kwa wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi ni ya kila siku.

Kuhusu sukari, mambo ni ya namna hiyohiyo. Msuli unapojikaza, protini zinazopitisha sukari hupanda hadi kwenye utando wa seli na kuiingiza ndani, hata insulini ikiwa chache. Msuli uliotulia hutegemea insulini peke yake, na kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi. Hali hiyo ikiendelea miaka, ndiyo njia mojawapo kuu ya kufikia kisukari cha aina ya pili.

Nafanya mazoezi saa nzima alfajiri, kisha nakaa ofisini hadi jioni. Si inatosha?

Ni bora mara nyingi kuliko kukaa bila mazoezi, na usiache. Lakini kuna jambo linalopaswa kutushtua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliwafanya watu wakae zaidi ya masaa 13 kwa siku, chini ya hatua 4,000, kwa siku nne. Kisha wakawakimbiza saa nzima, na kesho yake wakawapa mlo wenye mafuta mengi. Kwa kawaida mazoezi ya jana hupunguza mafuta yanayobaki kwenye damu baada ya mlo wa leo. Kwa watu hawa faida hiyo haikuonekana. Ile saa moja ya mbio ilikuta misuli iliyozoea kutopokea.

Upande wa pili nao upo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet, ukijumuisha takwimu za watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kuwa dakika 60 hadi 75 kwa siku za mazoezi ya wastani zilifuta hatari ya ziada ya kufa mapema iliyohusishwa na kukaa zaidi ya masaa 8. Kwa maoni yangu tafiti hizi hazigombani: kiasi hicho cha mazoezi ni kikubwa, na watu wachache sana hukifikia kila siku. Kwa asiyeweza, kukatizakatiza kukaa ndiyo njia ya kweli. Watafiti wa Melbourne walionyesha mwaka 2012 kuwa kusimama na kutembea dakika mbili tu kila baada ya dakika 20 kulipunguza sukari na insulini inayopanda baada ya mlo.

Wa kwanza kuliona jambo hili kwa takwimu nzito alikuwa daktari Jeremy Morris. Mwaka 1953 alilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Konda alipanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi, dereva alikaa. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Morris hakuishia hapo. Alichunguza vipimo vya sare zao akakuta madereva walikuwa na viuno vinene zaidi, wengine tangu wanapoajiriwa, kwa hiyo si kila tofauti ilitokana na kiti. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaoipa kazi yake heshima hadi leo. Na ukitazama daladala au matatu yoyote ya leo, utawaona watu walewale wawili: mmoja ananing'inia mlangoni, mwingine hatoki kitini tangu alfajiri.

Mababu zetu nao walikaa barazani. Mbona hawakuumwa haya?

Mfano mzuri uko Tanzania kwenyewe, kwa Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Walipofungwa vifaa vya kupima mwendo, ilionekana wanatumia zaidi ya saa mbili kwa siku kwenye shughuli za kuutoa mwili jasho. Hilo halishangazi. Linaloshangaza lilichapishwa mwaka 2020: kwa siku wanapumzika karibu masaa 10, muda unaokaribiana na wa watu wa mijini katika nchi tajiri. Lakini shinikizo lao la damu na mafuta ya damu ni mazuri hata uzeeni.

Watafiti walitazama wanavyopumzika. Sehemu ya muda huo Wahadzabe huchuchumaa au hupiga magoti, na vipimo vya umeme wa misuli vilionyesha kuwa kwenye mikao hiyo misuli ya miguu hufanya kazi zaidi kuliko kitini. Kiti chenye egemeo huzima misuli ya miguu karibu kabisa. Bado haijathibitishwa kwamba kuchuchumaa ndiko kunakowalinda, maana wanatofautiana nasi kwa chakula na kwa mengi mengine. Hata hivyo inanifanya nisikitikie jinsi tunavyoziondoa shughuli za chini majumbani mwetu kana kwamba ni alama za umaskini: kufua umeinama, kupika umechuchumaa, kula mkekani na kuinuka bila kushika kitu. Mtu mzima anayeweza bado kuchuchumaa na kusimama asiuache uwezo huo.

Kwa nini nafanya mazoezi na uzito haupungui?

Wahadzabe hawahawa wana jibu. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia kwa siku, wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ya Wamarekani na watu wa Ulaya. Mwili unaozoea kazi nyingi huonekana kubana matumizi yake mengine. Ukiongeza kwamba mazoezi huleta njaa, na kwamba soda moja na andazi hurudisha nishati ya mwendo wa zaidi ya nusu saa, utaelewa kwa nini mizani inagoma.

Lakini usiyapime mazoezi kwa mizani. Misuli inaweza kuwa inapokea sukari na mafuta vizuri zaidi, na mafuta ya ndani ya tumbo na ya kwenye ini yanapungua, hata kama uzito umesimama palepale. Pima mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu na sukari. Kupunguza uzito ni kazi ya sahani zaidi.

Nikiacha mazoezi, misuli inageuka mafuta?

Hapana. Ni seli tofauti kabisa. Misuli husinyaa kwa kukosa kazi, na chakula kisipopunguzwa mafuta huongezeka pembeni yake.

Mazoezi ya tumbo yanaondoa kitambi? Na kuvaa mfuko wa nailoni ili nitoe jasho?

Yote mawili hapana. Mafuta hutolewa kutoka sehemu zote za mwili kwa amri ya homoni, na msuli wa tumbo hauna njia yake binafsi ya kuyachukua yaliyo juu yake. Jasho ni maji na chumvi, utayanywa tena jioni. Mfuko wa nailoni kwenye joto la pwani ni hatari.

Mafuta yakishachomwa huenda wapi?

Unayapumua. Kilo 10 za mafuta zikichomwa zote, kilo 8.4 hivi hutoka puani na mdomoni kama hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 huwa maji.

Nimesoma kuwa mafuta ndani ya misuli huleta kisukari. Mbona wanariadha wanayo?

Swali zuri, na liliwasumbua wanasayansi kwelikweli. Mwaka 2001, Bret Goodpaster na wenzake walionyesha kuwa wanariadha wa masafa marefu wana matone mengi ya mafuta ndani ya seli za misuli, karibu sawa na wagonjwa wa kisukari, lakini insulini yao hufanya kazi vizuri kuliko ya mtu yeyote. Tofauti iko kwenye mzunguko. Kwa mwanariadha matone hayo huchomwa na kujazwa upya karibu kila siku, tena yanakaa jirani na mitokondria nyingi. Kwa mtu aliyebweteka yanaingia na hayatoki, na mabaki yake ambayo hayajachomwa huvuruga ujumbe wa insulini ndani ya seli.

Uwezo huo wa kuchoma hujengwa. John Holloszy alionyesha mwaka 1967 huko St. Louis kwamba panya waliofundishwa kukimbia waliongeza vimeng'enya vya mitokondria kwenye misuli ya miguu karibu maradufu. Na Bengt Saltin wa Sweden alipopima misuli ya wakimbiaji wa Kenya na kuilinganisha na ya wenzao wa Skandinavia, utafiti uliochapishwa mwaka 1995, alikuta kimeng'enya kimojawapo cha kuchoma mafuta kiko juu zaidi kwa Wakenya.

Nifanye mazoezi nikiwa nimefunga, hasa Ramadhani?

Tumbo likiwa tupu insulini iko chini, mafuta yanatoka kwa urahisi, na ni kweli utachoma mafuta zaidi wakati ule. Kwa wiki na miezi, tofauti ya uzito haionekani kuwa kubwa. Kwa aliyefunga, wakati mzuri ni kutembea kabla tu ya kufuturu, au mazoezi mazito zaidi baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Matembezi ya kwenda na kurudi tarawehe yana faida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu yanaangukia baada ya mlo mkubwa, pale misuli inapohitajika kupokea.

Mama ana miaka 76 na anaumwa. Tunamwambia apumzike tu. Tunakosea?

Kwa mapenzi, ndiyo, wengi tunakosea. Wazee wenye afya waliolala kitandani kwa siku 10 katika utafiti mmoja wa Marekani walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mwenye homa au aliyevunjika hupoteza haraka zaidi, na mzee hairudishi kirahisi kama kijana. Kila siku ya kitandani isiyo ya lazima inamnyima nguvu ya kwenda chooni mwenyewe.

Na hajachelewa. Mwaka 1990 huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwanyanyulisha uzito kwa miguu wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96, kwa wiki nane, chini ya uangalizi. Nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa mama, anza na kumwinua akae, kisha ainuke kitini na kukaa tena mara tano, mtu akiwa karibu, mara kadhaa kwa siku. Mpe protini kila mlo: maharage, dagaa, mayai, maziwa, chochote kinachopatikana. Muulizeni daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ni lini anaruhusiwa kusimama, na siku hiyo ikifika msiicheleweshe.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anayelima, anayechota maji au anayesukuma mkokoteni ameshapita hapo. Anayepaswa kujihesabia ni yule wa kiti, gari na bodaboda: ashuke kituo kimoja kabla, apande ngazi, na atembee dakika kumi baada ya kila mlo. Zoezi moja huboresha kazi ya insulini kwa siku moja hadi mbili hivi, ndiyo maana kulimbikiza yote Jumamosi na kubweteka siku nyingine sita si mpango mzuri.

Nina kisukari. Nijihadhari na nini?

Kutembea ni tiba kwako, lakini kumbuka kwamba misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kusubiri insulini. Ukiwa unachoma insulini au unameza vidonge kama glibenklamaidi, sukari inaweza kushuka mno, wakati mwingine masaa kadhaa baadaye, hata usiku. Pima kabla ya kuanza, uwe na pipi au soda ya sukari mfukoni, na umwambie unayetembea naye dalili zake: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Sukari ikiwa imepanda sana na unajisikia mgonjwa, usifanye mazoezi siku hiyo. Vaa viatu vilivyofungwa na ukague nyayo ukirudi, kwani kidonda usichokisikia hukua kimyakimya. Na ukibanwa kifua au kukata pumzi kuliko kawaida, simama palepale na uende hospitali siku hiyohiyo.